Bega la Godoro

Nasema mapema ili tusidanganyane: mieleka yetu ina mpango. Mshindi anajulikana tangu Jumatano, mimi nikiwa na karatasi yangu, wanamieleka wamekaa kwenye viti vya plastiki na barafu magotini. Kisichopangwa ni maumivu. Ulingo wetu ni mbao zilizofunikwa sponji nyembamba na turubai. Mtu wa kilo mia akitupwa pale, hata aliyesimama mlangoni anasikia kifuani.

Mimi ni mfanyabiashara. Nilianza na viatu vya mitumba, nyumba kwa nyumba, mpaka nikakodi ghala la zamani la saruji, nikatia ulingo na viti mia nne. Sijawahi kupigana na mtu. Kazi yangu ni kujua watu wanataka kumwona nani, na kwa miaka kumi na minane sikumsikia mtu hata mmoja akisema anakuja kumwona Godoro.

Na hapakuwa na mwanamieleka wa kumfikia Godoro! Jina alipewa na wenzake, kwa sababu ukimwangukia huumii, na akikuangusha unajikuta umelala kama uliyewekwa na mama yako. Hakuna aliyetoka mikononi mwake akaenda hospitali. Bingwa wetu wa siku zile, Tingatinga, alikuwa na kifua cha kabati na alijua mambo matatu: kunguruma, kutupa na kuchana nywele. Mengine yote aliyafanya Godoro kutokea chini. Tingatinga akimnyanyua, anayeruka ni Godoro. Tingatinga akipiga ngumi iliyopita pembeni shubiri nzima, kichwa cha Godoro kinarudi nyuma mpaka wamama wa safu ya tatu wanafumba macho. Kofi la Tingatinga lililia kama mlango uliobamizwa na upepo. Sauti ile Godoro aliitoa kwa kujipiga paja. Kisha watu wanambeba Tingatinga mabegani hadi nje, na Godoro anaokota taulo lake.

Mlango ukifunguka vizuri, nani anasifu bawaba?

Kwenye bango, TINGATINGA aliandikwa kwa herufi kubwa kama mikate. Godoro alikuwa chini kabisa, ndani ya maneno mawili: na wengineo. Alikuwa anasoma kila bango, neno kwa neno. Siku moja akanifuata.

"Bosi, huyu Wengineo ni mtu wa wapi?"

"Kwa nini?"

"Nataka kumjua. Tunavaa kiatu cha namba ile ile na tunalala kitanda kimoja na mke wangu."

Nilicheka, nikaendelea kubandika. Sheria ya nyumba yangu ilikuwa fupi: bango linafuata mkanda. Mwenye mkanda wa ubingwa ndiye anayekaa juu.

Halafu Tingatinga akaoa, akahamia kwa wakwe kufungua duka la vyuma vya mazoezi, na mkanda ukabaki msumarini ofisini kwangu. Tayari nilikuwa na mtu. Nilimkuta kwenye kiwanda cha mbao, anabeba peke yake gogo la watu watatu. Urefu wake, akiingia ofisini anainama kwanza, anasalimia baadaye. Tukamwita Mnara. Mieleka alikuwa hajui bado, ila watu walikuwa wakimwona tu barabarani wanasahau walikokuwa wanakwenda. Mali ya namna hiyo haifundishwi, inapakiwa.

Kilichokosekana ni joho la bingwa. Na joho, suruali, vinyago, kila kitu chetu cha kuvaa kilishonwa na mtu mmoja: Fundi, mke wa Godoro. Vipimo vyetu vyote vimo kwenye daftari lake, na mafundi wengine niliowajaribu, suruali zao zilipasuka mtu alipotanua miguu mara ya kwanza mbele ya umma. Nikaenda kwake na kitambaa cha zambarau.

"Shemeji, nahitaji joho la bingwa. Wiki tatu."

"Bingwa gani?" Alikuwa na pini mdomoni, mguu haukuacha kukanyaga cherehani.

"Mnara."

"Nina sare za shule nzima na mapazia ya hoteli. Njoo baada ya miezi minne."

"Onyesho ni wiki ya tatu, shemeji!"

"Basi mvishe shuka."

Namjua mtu ambaye bei yake bado iko mfukoni. Nikavuta kigoda. "Sema unachotaka."

Akatoa pini, moja moja. "Pambano kuu. Mume wangu na huyo mnara wako. Ashinde mume wangu, achukue mkanda. Bango linalofuata nimwone juu."

"Watu hawatamtaka."

"Ulishajaribu?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Kwenye kupatana bei, anayefunga mdomo kwanza ndiye aliyenunua. Nilikubali. Akafungua daftari na kuanza kukata kitambaa.

"Hujampima," nikamwambia.

"Mume wangu nimemkanda mgongo miaka kumi na minane. Nikampime nini?"

Jumatano mpango ukakamilika. Dakika ya kumi na mbili Mnara apande juu ya kamba, amrukie Godoro aliyelala, amlalie. Mwamuzi aanze kuhesabu. Moja, mbili, na hapo hapo Godoro anyanyue bega, ukumbi upige kelele, ainuke amwangushe Mnara, amalize. Godoro alisikiliza kama mtoto anayesomewa matokeo ya mtihani. Akaniomba nirudie.

"Nashinda mimi?"

"Wewe."

"Rudia tena."

Sasa, mwamuzi wetu ni karani mstaafu wa posta, na nilimpa sheria moja ambayo haivunji hata kwa mwanawe: mkono hausimami hewani. Bega likiwa chini kwenye tatu, umeshindwa, mpango useme usemavyo. Mkono ukisita mara moja tu, watu mia nne wataona, na Jumapili inayofuata watabaki nyumbani.

Jumapili alasiri ghala lilijaa hadi watu wakakalia madirisha. Walimjia Mnara. Godoro alipotoka, mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Godoro! Kitanda umekiacha wapi?" Wote wakaangua kicheko. Fundi alikuwa safu ya mbele, joho limekunjwa mapajani. Hakugeuka.

Kengele ikalia, na ndugu yangu, nilichokiona pale sijakiona tena! Mnara alikuwa na mienendo minne anayoijua, na Godoro aliitoa yote minne ikaonekana arobaini. Alimwongoza kama mtu anayerudisha lori nyuma kwenye kichochoro: mdomo sikioni, "kushoto, ngoja, sasa nyanyua!" Akatupwa huku, akatupwa kule, mbao zinalia. Akateleza katikati ya miguu ya Mnara, akatokea nyuma, akampiga teke la kalio. Ukumbi ukacheka, lakini safari hii ulicheka upande wake. Mnara akamsukuma kwenye kamba, Godoro akarudi kama jiwe la manati, wakagongana vifua, na aliyepepesuka ni Mnara! Dakika ya tano yule wa "kitanda" alikuwa amesimama juu ya kiti. Dakika ya nane wakaanza, kwanza watu kumi, halafu paa zima: "Go-do-ro! Go-do-ro!" Mimi nilikuwa mlangoni nakagua tiketi. Nilijikuta nimewaachia watu kadhaa wapite bure, na mimi mwenyewe nashangilia. Aibu yangu.

Dakika ya kumi na mbili Mnara akapanda kamba. Akasimama, mikono juu, kichwa karibu kiguse bati. Mguu ukateleza.

Hilo halikuwa kwenye karatasi. Alikuja kichwa mbele, kilo mia na thelathini, shingo ikitangulia. Godoro aliyepaswa kulala akangoja alikuwa ameshajinyanyua nusu. Alimpokea kwa kifua, akamgeuza angani kama mtu anayegeuza gunia lisipasuke, akajitandaza chini yake. Mlio ule ulitikisa taa. Wachache tu tulijua kwamba tumemwona mtu akiokolewa. Wengine wote waliona ukuta umemwangukia binadamu.

Mwamuzi akajitupa chini kwa tumbo.

"Moja!"

Ukumbi mzima: "Inukaaa!"

"Mbili!"

Nikalitazama bega. Watu mia nne walilitazama. Fundi alikuwa amesimama, joho limeanguka miguuni. Bega lilitulia kama mkate kwenye sahani.

"Tatu!"

Kengele.

Mnara alinitafuta kwa macho, ananiuliza afanye nini. Godoro akafungua jicho moja. Kisha la pili. Kisha nikauona uso wa mtu aliyejifungia nje na ufunguo uko ndani.

Nilikimbilia chumba cha kubadilishia nguo.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Ulizimia?"

"Wala. Nilisikia vizuri. Moja, mbili..."

"Sasa bega?"

Akaligeukia bega lake la kulia kama mtu anayemtazama mpangaji msumbufu. "Bosi, miaka kumi na minane. Likisikia mbili, linajua kazi imeisha, linapumzika. Mimi mpango niliujua. Bega hakuna aliyeliambia."

Mnara aliinama mlangoni akaingia, mkono shingoni. "Kaka, umeniokoa shingo."

"Nyamaza wewe. Ungevunja ulingo wa watu."

Fundi akafuata na joho. Alisimama mbele ya mumewe. "Nani kakwambia utulie?"

"Mazoea, mama."

"Mazoea yana taabu," akasema, akamrushia taulo. Lakini niliona anang'ata mdomo wa chini asicheke.

Nje walikuwa wanangoja bingwa. Tukamvisha Mnara joho. Lilimfika magotini, mikono ikaishia kwenye viwiko, na alipoinua mkanda mgongo ukachanika kwa sauti. Mtu akauliza kwa nguvu, "Hilo la mdogo wako?" Wakacheka, wakapiga makofi ya heshima, na kabla makofi hayajaisha ikarudi: "Go-do-ro!"

Jumatatu Fundi alikuja ofisini. "Tulipatana ashinde."

"Nilimpa ushindi mkononi, shemeji, akauacha juu ya turubai. Mkanda anao Mnara, na bango linafuata mkanda."

Godoro alikuwa nyuma yake. "Bosi kasema kweli," akasema, akamshika mkewe kiwiko wakaondoka. Sikubadili neno. Huruma ukiiweka rafuni, Jumamosi kila mteja anaiulizia.

Jumanne mpiga picha akaniletea picha za kutengenezea bango la Mnara. Zilikuwa arobaini. Nikaona mgongo wa Mnara, kisigino cha Mnara, kwapa la Mnara. Sura yake hakuna! Sura ilikuwa moja tu, picha baada ya picha: Godoro, macho yamemtoka, mdomo wazi, kila mshipa unasema inauma kiasi gani. Ile ya kuanguka kutoka kwenye kamba ndiyo ilinitoa kwenye kiti. Ukiiona tu unasikia mbao.

Nikashusha sanduku la picha za zamani, nikazimwaga sakafuni. Ni yale yale. Mwaka baada ya mwaka nilikuwa natundika picha za Tingatinga za studio, kachana nywele, kakunja mikono, wakati kilichokuwa kinawatoa watu nyumbani ni uso huu hapa. Mpigaji watu wanamshangilia. Lakini kama amepiga kweli au hapana, jibu wanalisoma usoni kwa aliyepigwa. Godoro alikuwa na ufundi wa kumfanya kila mtu amtazame mwenzake, na mimi muuzaji nilitazama nilikoelekezwa, kama wateja wangu. Miaka kumi na minane nimeficha mali stoo na kupanga maboksi matupu dirishani! Hasira iliyonishika, ningekuwa mfanyakazi wangu ningejifukuza.

Nikavunja sheria ya nyumba. Siyo kwa huruma, narudia.

Bango lilipandishwa Alhamisi asubuhi kwenye ukuta wa ghala, urefu wa watu wawili. Ni ile picha. Mnara yuko angani kwa mgongo, na chini yake uso wa Godoro, mkubwa kama dirisha. MNARA NA GODORO: MARUDIANO. Herufi sawa kwa sawa, nilizipima mwenyewe kwa rula.

Walikuja wote wawili kuliona. Godoro alilisoma mpaka chini, akarudi juu, akalisoma tena.

"Wengineo yuko wapi?"

"Kahama."

Akatikisa kichwa polepole. "Wameniweka nikiwa chini."

"Ndiko unakouza," nikamwambia.

Fundi alisogea ukutani. Alivuta futi kutoka shingoni, akapima herufi za jina la mumewe, kisha akapima za Mnara. Aliporidhika akaikunja futi yake. "Joho la huyo mrefu niletee kitambaa. Wiki tatu."

Leo asubuhi nimepeleka kitambaa. Kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti yake: "Moja!" Nikachungulia. Godoro alikuwa amelala chali sakafuni katikati ya vipande vya sare za shule, Fundi juu ya kigoda, rula ya mbao mkononi.

"Mbili!"

Bega likaruka kama lililokanyaga kaa la moto, na Godoro akaketi, mikono juu, anacheka hadi jino la mwisho.

"Umechelewa," Fundi akasema. "Lala tena."

Nikaweka kitambaa juu ya cherehani. "Usimharakishe, shemeji. Likinyanyuka kwenye moja, atanikimbizia watu."