Taa ya Njano Baada ya Dua

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana gereji kando ya barabara inayotoka Dar, kabla hujaingia Bagamoyo mjini. Hatengenezi kila gari. Anatengeneza la aina moja tu la Kijapani, dogo, la milango minne, lenye turbo ya kuipa injini nguvu na linalosukumwa na magurudumu yote manne kwa pamoja. Wenye magari hayo humfuata kutoka Dar, wakiwapita mafundi wengi njiani, kwa sababu ana sifa ya kusikiliza injini kwa dakika mbili na kusema ina ugonjwa gani.

Sikujua kwamba watu wazima wanaweza kulipenda gari namna ile mpaka nilipoacha kusomesha Kurani chuoni na kuanza kukaa barazani kwake asubuhi. Jumamosi huja sita, saba, wakati mwingine kumi. Huegesha magari yao kwa safu, hufungua boneti zote, kisha huzungumza habari za toleo hili na toleo lile kama wazee wetu walivyokuwa wakizungumza nasaba: nani katoka kwa nani, na nani kachanganya damu. Ni watu wa adabu. Kila anayefika hunipa shikamoo kabla ya kuligusa gari la mwenzake. Namshukuru Mungu kwa uzee unaoniruhusu kukaa na watu nisiowaelewa nikapendezwa nao.

Kisha ikaja habari ya toleo jipya. Kwa wiki nyingi hawakuzungumza jingine. Walitazama picha kwenye simu, wakazipanua kwa vidole, wakagombana. Mpwa wangu alikuwa akiendelea na kazi. Ijumaa moja, tulipotoka msikitini, alinieleza.

"Mjomba, hilo jipya sijawahi hata kufungua boneti yake. Kila kitu ni kompyuta. Wakianza kuhamia huko, mimi nitabaki na haya ya zamani mpaka yaishe."

Nikamwambia riziki iko kwa Mwenyezi Mungu.

"Najua, mjomba. Ila wateja wako Dar."

Jumamosi iliyofuata gari lenyewe likafika. Mwenye gari alikuwa mteja wa mpwa wangu kwa miaka mingi, mtu mpole anayefanya kazi bandarini, na mama yake ni wa Mlingotini, kijiji cha jirani. Mama huyo alikuwa amekataa gari litumike kabla halijasomewa dua. Kwa hiyo walikuja wote wawili, yeye na mama yake, na mimi nilikuwa nimeombwa nisome. Nyuma yao yaliingia magari saba ya matoleo ya zamani yakiunguruma.

Lilikuwa la buluu, jipya kabisa, karatasi za nailoni bado zimefunika viti vya nyuma. Wale jamaa walilizunguka kama mahujaji, kisha ndimi zikafunguka.

"Dah! Chuma hiki!"

"Chuma gani? Hebu washa. Unasikia kitu? Kimya kama friji."

"Wewe gari lako linaamsha mtaa mzima halafu unaliita zima."

"Spoila iko wapi? Wamelikata mkia!"

"Kaka, angalia breki hizo. Angalia viti. Kwenye kona hili linakuacha umesimama."

"Linaniacha kwenye kona, mimi naliacha gereji. Likizingua, nani atalifungua? Fundi, unalijua hili?"

Aliyeuliza alikuwa na kofia nyekundu, ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote. Alikuwa tayari ameinua boneti na kuondoa kifuniko cha plastiki kilichofunika injini, akiwaonyesha wenzake ilipo turbo. Mpwa wangu alitabasamu tu, akasema, "Dua kwanza."

Kwetu gari jipya husomewa kama nyumba mpya inavyosomewa. Milango hufunguliwa yote, na boneti pia, ubani upite kila mahali. Nimewasomea watu malori, pikipiki, hata mashine ya kusaga. Kofia nyekundu alikwisha rudisha kifuniko na kufunga boneti. Nikaagiza ifunguliwe tena, na kifuniko kiondolewe. Nikasoma Fatiha na dua ya safari, nikaomba kheri yake na kinga ya shari yake. Wote walinyanyua mikono. Wawili kati yao, ambao ni Wakristo, walivua kofia na kuinamisha vichwa, nami niliwaweka katika dua kama wengine.

Nilipomaliza, yule mama alilizunguka gari na chetezo, akifukiza ndani, chini ya viti, kwenye buti. Kisha akachukua mrashi wake na kunyunyiza marashi ya waridi. Alinyunyiza usukani. Alinyunyiza magurudumu, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye injini, mapenzi yakamzidi. Hakunyunyiza, alimimina. Nilimwona nikamwacha. Katika miaka yangu yote sijaona marashi yakidhuru injini.

"Washa sasa, mwanangu, bismillahi," alisema.

Mwanawe akawasha. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano yenye picha ya injini, na gari likaanza kutetemeka kidogo, kama mtu mwenye homa.

Kofia nyekundu akacheka.

"Jamani, toleo jipya linaogopa ubani!"

"Nyamaza wewe, mama yupo."

"Si nilisema? La zamani ungelimwagia hata supu, lingeondoka."

Yule mama alikuwa ameshika mrashi mtupu kwa mikono miwili. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Maalim, ni nuksi?" Nikamwambia gari halina nuksi, lakini niliona haikumtuliza.

Wote sasa walikuwa wakimtazama mpwa wangu. Mwenye gari aliuliza kwa upole, "Fundi, ni nini hiyo?"

Nimewajua mafundi wengi. Fundi hukosi jibu kwake. Atasema ni plagi, atasema ni mafuta mabaya, atasema siku hizi magari ndivyo yalivyo. Na mpwa wangu angeweza kusema lolote pale, wangemwamini, angalau mpaka wafike Bunju, njiani kurudi Dar. Alifuta mikono yake, akainama akatazama injini, akainuka.

"Sijui," alisema.

Kofia nyekundu aligeuka kwa wenzake na kufungua mikono, kana kwamba kesi imekwisha. Nikakumbuka kwamba mtoto huyu nilimsomesha mimi, na kwamba wanazuoni husema neno hilo ni nusu ya elimu. Lakini pale barazani halikuonekana nusu ya kitu chochote. Lilionekana kama mtu anayefunga gereji yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Sijui, ila nitatafuta," aliendelea. "Zima. Nipeni mpaka adhuhuri. Na kila aliyeligusa aniambie aligusa nini."

Watatu waliondoka, wakasema wanakwenda Kaole kula. Waliobaki walitazamana. Yule mama akaanza.

"Mimi nimemimina marashi yote, mwanangu. Chupa nzima."

"Na mimi ndiye niliyesema boneti ifunguliwe," nikasema.

Mpwa wangu alitikisa kichwa kwa heshima, akasubiri. Hatimaye kofia nyekundu akakuna shingo.

"Kuna kiwaya hapo pembeni... nilikichomoa kidogo. Nilikuwa nawaonyesha sensa, kile kinachopima hewa. Nikakirudisha."

"Ulikirudisha mpaka kikalia tak?"

"Nilikirudisha."

"Nimekuuliza kama kililia."

"Hakikulia," alisema, na wenzake wakapiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakatawanyika.

Sikuona ajabu yoyote katika yaliyofuata. Alimwomba mwenye gari kitabu cha maelekezo ya gari, akakaa chini kwenye kipande cha turubai na kukisoma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata mistari. Alikosea mara mbili, akafungua kitu ambacho hakikuhusika, akakirudisha. Kisha akachomoa plagi ya kile kiwaya, akaigeuza, na tone likaanguka mkononi mwake. Alilinusa, likanukia waridi. Akakausha pale kwa kitambaa na upepo wa pampu, akaiacha plagi juani, akaja kuswali nami. Aliporudi aliisukuma mahali pake mpaka sote tukaisikia ikilia tak.

Aliwasha mara ya kwanza, taa ikabaki. Mara ya pili ikabaki. Mara ya tatu ikazimika, na injini ikatulia. Yule mama alisema alhamdulillahi mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Kofia nyekundu alisema gari bado ni kimya mno, na kwamba yeye halitaki hata akipewa.

Mwenye gari alisimama kidogo kabla ya kupanda.

"Sevisi ya kwanza nikuletee wewe?"

"Ulete. Ila uniachie siku mbili, si moja. Siku ya kwanza nitakuwa nalisoma tu."

"Huko Dar wananiambia saa mbili tu zinatosha."

"Basi nenda Dar, kaka. Sitakasirika."

Yule mtu alitazama barabara, akamtazama mama yake aliyekwisha kaa kiti cha mbele.

"Siku mbili," mama akasema. "Utapanda basi, una nini?"

Akacheka, akaingia ndani ya gari, kisha akanyoosha mkono kupitia dirishani na kile kitabu.

"Kaa nacho mpaka siku hiyo."

Mpwa wangu alifuta mikono yake tena, mbele na nyuma, akakipokea.