Nusu ya Barua ya Afande Gundi

Mafundo ya Afande Gundi yalikuwa na sifa mjini kote. Inasemekana siku moja alimfunga mbuzi wa jirani mtini kwa fundo moja tu, na yule jirani, baada ya kuhangaika nalo siku tatu, akaona ni rahisi zaidi kuung'oa mti. Anayebisha akamuulize mbuzi.

Kazi yake ilikuwa kushona viatu. Kibanda chake kiliegemea duka la vipuri vya baiskeli, na ndani mlikuwa na benchi, kigoda, kopo la gundi, na ukutani fremu moja yenye kioo. Kila Jumamosi asubuhi alikifunga, akavaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungekata mkate, akaning'iniza filimbi shingoni, akaenda uwanja wa shule kufundisha skauti. Jina alipewa na watoto, maana hata avae sare mpya namna gani, harufu ya gundi ilifika kwanza, yeye akafuata.

Miaka mingi alifanya hivyo na hakuna aliyemwambia ahsante. Ndiyo maana barua ya makao makuu ya skauti ilipomjia, ilimlevya. Karatasi nene, ngumu, yenye mhuri. Aya ya kwanza ilisema wanampongeza kwa moyo wake wa kujitolea, na kwamba watu kama yeye hawapatikani ovyo. Aya hiyo aliisoma mara saba. Ya pili hakuifikia, kwa sababu machozi yalikuwa yamemziba na mteja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akingoja kiatu chake. Akaikata barua katikati. Nusu ya juu akaitia kwenye fremu. Nusu ya chini, kwa kuwa karatasi nzuri namna ile hutupi, akaikata iwe kipimo cha soli ya ndani ya kiatu cha mtoto, namba thelathini na moja, akaitundika msumarini pamoja na vipimo vingine.

Mwaka huohuo mpwa wake, binti wa dada yake, alijiunga na skauti akiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa na jambo lake moja tu kichwani. Alikwisha kumwona mwanamke wa zimamoto akitoka ndani ya moshi na mtungi wa gesi begani, ametulia kama anayetoka kuteka maji, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine duniani. Sasa, zimamoto ya mji ule ilikuwa ikichukua vijana wawili kila mwaka kutoka kwa skauti waliofika cheo cha juu kabisa. Cheo hicho kilitaka beji ishirini na moja, na uzipate kabla hujatimiza miaka kumi na minane. Ukitimiza, basi tena.

Mtoto akazisaka. Beji ya huduma ya kwanza alimfunga mama yake bendeji kichwani mpaka mama wa watu akashinda siku nzima hasikii hodi. Beji ya kupika aliwasha moto kwa njiti moja mvua ikinyesha. Ya kusoma ramani ilimchukua miezi minane na jozi mbili za raba. Mjomba mtu hakupendelea damu yake. Beji ya moto alimwangusha mara mbili, mbele ya wenzake, na yule akarudi mara ya tatu bila kununa. Kila alipofaulu, Afande Gundi alitia sahihi kwenye kitabu chake cha beji, kisha akaishona beji kwenye mkono wa shati kwa uzi wa viatu, mara mbili, isije ikatoka mpaka kiyama.

Ya ishirini na moja ilishonwa zikiwa zimebaki wiki saba atimize miaka kumi na minane. Wakaenda makao makuu pamoja, shati la mpwa likiwa limejaa beji kama meza ya muuza matunda.

Karani, binti mpole mwenye miwani, alikipekua kitabu ukurasa kwa ukurasa, akafungua faili, akakipekua tena.

"Mzee wangu," akasema, "ruhusa yako ya kupima beji iliisha miaka sita iliyopita. Tulikuandikia."

Afande Gundi akamweleza kwa furaha kwamba barua aliipata, tena iko ukutani, walimpongeza. Karani akatoa nakala yake, akaisoma aya ya pili kwa sauti ya chini, kama anayesoma majibu ya mgonjwa. Ruhusa yako inakwisha mwisho wa mwezi ujao. Uje kwenye mafunzo ya siku tatu ili uipate tena. Beji utakazotia sahihi bila ruhusa hazitatambuliwa.

"Hiyo sikuifikia," akasema Afande Gundi.

Karani hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

Akauliza kama mpwa wake anaweza kupimwa upya na mtu mwingine. Inawezekana, akajibiwa, ila kila beji ina miezi yake, na kwa mwendo wa haraka kabisa ni mwaka mmoja na nusu. Akaomba kumwona mkubwa. Mkubwa akaja, akapiga saluti, akasema yaleyale kwa sauti nzito zaidi. Beji iliyosalimika ilikuwa moja, ya mafundo, iliyotiwa sahihi wiki mbili kabla ruhusa haijaisha.

Nyumbani, dada yake, ambaye ulimi wake siku za kawaida ungemenya viazi, aliuliza swali moja tu.

"Kaka, karatasi ilikuwa na mistari mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Na wewe ukachokea wa tano."

Kesho yake mpwa akaja kibandani, akaweka shati juu ya benchi.

"Mjomba, fumua."

"Ziache, mama. Umezitolea jasho."

"Ambazo hazihesabiwi sizivai. Fumua."

Akafumua. Kwa ule uzi wake mwenyewe wa viatu, kazi ilikula mchana kutwa, na mara mbili kisu kilimkata kidole. Shati lilikuwa limepauka kwa jua la miaka, lakini pale beji zilipokuwa, kaki ilibaki mbichi kama ya dukani, miduara ishirini. Mpwa akaipitia kwa kidole mmoja mmoja, akalikunja shati, akaondoka nalo. Alitimiza miaka kumi na minane siku ya Jumanne. Siku hizi yuko kwa dobi, ananyoosha mashuka ya hospitali. King'ora cha zimamoto kikipita barabarani, anaongeza moto wa pasi.

Wazazi wa watoto wengine nao walisikia. Jumamosi ya kwanza walikuja skauti wanne, ya pili mmoja. Ya tatu Afande Gundi alipuliza filimbi, akaja mbwa.

Fremu akaigeuza itazame ukuta. Wiki ile mama mmoja alileta kiatu cha shule cha mwanawe, soli ya ndani imeliwa yote. Namba thelathini na moja. Afande Gundi alitafuta msumarini, na kipimo cha namba hiyo alikuwa nacho kimoja tu. Akakilaza juu ya ngozi, sehemu ya kisigino ikisomeka wazi, hazitatambuliwa, akazungusha penseli, akakata.

Soli ikaingia bila kubana popote.