Mwaka Ngano Ilipokubali

Mwezi wa saba uliopita nilirudi Hanang kumzika shangazi. Pale Katesh nilipanda bodaboda, na mara tulipoacha nyumba za mji tukashika njia ya tambarare, upepo ulitupiga usoni ukiwa na harufu ya ngano iliyokauka shambani. Nikamwomba kijana asimame.

"Mama, umeangusha kitu?"

Nikamwambia hapana, nataka kunusa tu. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa, kisha akaanza kunilalamikia bei. Mvua zilikata mapema, punje zimesinyaa, na wanunuzi wanaokuja na malori wanaichota ngano ya mtu mkononi na kuipuliza kama makapi. Nilikuwa naitikia bila kusikia. Harufu ile ilikuwa imenishika mkono na kunirudisha kwetu.

Ndugu yangu, kama hukuishi kando ya yale mashamba makubwa ya serikali, sijui nikueleze vipi. Nyumba yetu ilikuwa tembe, ya udongo na paa bapa, ya mwisho kabisa kijijini. Ukivuka mfereji uliokuwa nyuma ya zizi, unakanyaga ngano, na hiyo ngano ilikwenda mpaka macho yakachoka. Baba alitokea Tlawi, kule juu Mbulu, kwa Wairaqw wenzake. Lakini bibi, mama yake mzazi, alikuwa Mbarabaig, wa kabila la wafugaji, aliyezaliwa huku huku tambarare, na alipofiwa na mume alimwambia mwanawe, "Nirudishe karibu na ng'ombe wa kwetu." Ndiyo maana tulikaa pale, Wakristo wa jembe, tukipakana na boma la wafugaji.

Mwaka ulianzia mlimani. Hanang akijifunika wingu mpaka kiunoni, watu wazima walisema mvua imeiva, na kweli baada ya muda kidogo matrekta yaliteremka kutoka kambi ya shamba yakiwa yameongozana. Ngano ilikuwa ikichipua kama nywele za mtoto. Ilitaka mvua ya wastani, kisha baridi, kisha jua kali lisilochelewa. Mvua ikizidi, kutu iliingia, ugonjwa mwekundu wa majani, na ukipita shambani unatoka na miguu kama umekanyaga damu. Ikipona kutu, walikuja kwelea, vindege walao nafaka kwa makundi. Hapo mwalimu alifunga madarasa, akatutoa sisi wote na mabati na makopo kwenda kupiga kelele. Aliyenyamaza alichapwa mgongoni. Ndege iliporuka juu kumwaga dawa, ndege wadogo walianguka kwa maelfu, wengine bado wanapapatika, na sisi tulipewa kazi ya kuwakanyaga. Nakumbuka ule mlio chini ya nyayo zangu. Tulikuwa watoto, tulicheka.

Lakini kulikuwa na raha pia, nisikudanganye. Bibi alichemsha ngano nzima na maharage kwenye chungu, akatia chumvi ya magadi, tukala kwa mikono tukiwa tumezunguka moto. Na asubuhi jirani yetu alivuka kutoka bomani kwake na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi. Alikuwa mama kijana, mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, na sketi ya ngozi iliyokuwa ikichezacheza alipotembea. Alikuwa wa ukoo mmoja na bibi, kwa hiyo bibi alimwita shangazi, na baba yangu akamwita kaka. Mimi alinifundisha lugha yao huku tukikamua, na nilipokosea alinimiminia maziwa kichwani.

Baba alikuwa mlinzi wa shamba. Walimpa koti la kaki na rungu la mpingo. Nyumbani alikuwa mtu mpole. Alinisuka nywele mama alipoumwa, ungeamini hilo? Akishavaa koti lile alikuwa mtu mwingine, hata sauti yake ilibadilika. Bibi alikuwa akimwambia, "Mwanangu, nguo ya kuazima haifichi makalio." Baba alikuwa akicheka na kufunga vifungo.

Sasa, kulikuwa na mazoea. Kombaini zilipomaliza kuvuna, wanawake waliruhusiwa kuingia kwenye mabua na kuokota masuke yaliyoanguka. Hakuna aliyeandika ruhusa hiyo, ila hakuna aliyeikataza. Mpaka ulipofika mwaka ambao ngano ilikubali. Mvua zilinyesha kwa zamu, kutu haikuonekana, na baridi ilikaa pale inapotakiwa. Masuke yalilemea mabua. Na mwaka huo huo unga wa ngano ulipotea madukani. Wafanyabiashara wa Katesh wakaanza kununua ngano kwa siri, nyuma ya nyumba, na debe moja lilitosha kumshonea mtoto sare ya shule na kubaki na hela ya sukari. Wanawake wakaja kutoka Endasak, wengine kutoka Tumati huko mbali, na magunia wameyakunja kichwani. Msimamizi wa shamba akawaita walinzi akawaambia kwamba kuanzia siku hiyo, yeyote aliye ndani ya mabua ni mwizi, na mlinzi asiyepiga mwizi ni mwizi mwenzake.

Baba hakutuambia. Siku hizo aliingia ndani kimya na kulala ameuelekea ukuta.

Basi tulikwenda, mama, bibi, jirani na mimi. Ilikuwa saa za mchana, jua la kukausha, kombaini zikinguruma mbele yetu na vumbi la makapi likituwasha shingoni. Jirani alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, lakini aliinama na kuinuka kama sisi, akitania kwamba mtoto wake atazaliwa akitafuna ngano. Gunia lake lilikuwa mgongoni, limefungwa kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso.

Walinzi walitoka nyuma ya lori. Hawakupiga filimbi wala kuita. Nilichosikia kwanza ni mama mmoja akilia kama mbuzi, kisha uwanja mzima ukawa mbio. Mama alinishika kwapani tukakimbia. Nilipogeuka nikamwona jirani amebaki nyuma, anahangaika kuvua ule ukanda kichwani. Na aliyemfikia ni baba.

"Kaka, ni mimi," alisema. Aliinua uso ili aonekane vizuri. "Kaka, ni mimi."

Gari la msimamizi lilikuwa limesimama pale kwenye barabara ya shamba, na msimamizi ameegemea mlango. Baba alimtazama msimamizi. Halafu akampiga jirani. Rungu lilimpata begani, akaanguka kwa magoti, akampiga tena kiunoni, na tena. Kila pigo lilitoa sauti ya mtu anayetwanga. Ngano ilimwagika kutoka kwenye gunia ikamfunika miguu.

Bibi alirudi. Alikuwa mzee, lakini alirudi mbio, akajitupa juu ya jirani na kumkumbatia tumbo. Baba alikuwa ameshainua rungu.

"Mama, toka."

"Nipige na mimi. Si umekuja kupiga?"

Mkono wa baba ulibaki juu. Mlinzi mwingine ndiye aliyekuja akamvuta bibi kwa nguo na kumburuza kwenye mabua mpaka mgongo wake ukachanika. Baba alisimama palepale akiangalia.

Mtoto wa jirani alizaliwa siku iliyofuata, akiwa amekufa. Alikuwa wa kiume. Bibi ndiye aliyempokea.

Nikuambie jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu Wabarabaig. Mwanaume akimtendea mwanamke uovu wa namna hiyo, hawasubiri polisi. Wanawake wenyewe hukutana, hukaa, humtoza mkosaji dume la ng'ombe, na hukumu yao waume hawaipingi. Bibi aliondoka nyumbani kwetu bila kuaga. Mama alimtafuta, akaambiwa yuko na wanawake.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Ilikuwa asubuhi, ukungu haujapanda bado. Wimbo wao ulikuwa mzito, wa pumzi fupi, na miguu yao ilikuwa inagonga ardhi kwa pamoja. Walikuja wengi sana, wamevaa sketi za ngozi, kila mmoja na fimbo mkononi. Katikati yao alikuwepo bibi. Alikuwa amevaa ngozi yake ya usichana, ile ambayo tangu abatizwe ilikaa imekunjwa darini.

Baba alitoka nje na koti lake la kaki, rungu mkononi. Alipomwona mama yake aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Bibi hakuitika. Sisi tulichapwa tukisahau kuamkia, na huyu mzee aliamkiwa na mwanawe mbele ya watu akaacha salamu ianguke chini.

Mwanamke mmoja mrefu akasema kwa Kiswahili, ili baba asijifanye hakuelewa, "Umeua. Tumekuja kuchukua dume lako."

Tulikuwa na dume moja jeusi. Baba alilinunua likiwa ndama, kwa mishahara yake, na kila jioni alilikuna shingo.

"Mimi ni mtu wa serikali," baba alisema. "Nilitumwa."

"Basi serikali ije ikusimamie."

Baba akaenda kusimama kwenye mlango wa zizi na kuinua rungu. Fimbo ya kwanza kumpiga ilikuwa ya bibi. Ilimpata usoni. Nyingine zikafuata, na sikuona tena baba, niliona migongo tu na fimbo zinapanda na kushuka, na mama yangu amekaa chini kizingitini amejiziba masikio. Baba hakupiga kelele ya kuomba msaada. Nilijiuliza kwa miaka mingi ni kwa nini. Walipomwacha alikuwa amelala kifudifudi kwenye samadi, koti limechanika mgongoni.

Dume walilitoa nje wakaliua kwa fimbo zilezile. Ng'ombe hafi upesi kwa fimbo. Lilipiga magoti, likainuka, likapiga magoti tena, na wimbo haukukatika mpaka lilipotulia. Hawakula nyama yake. Waliondoka jinsi walivyokuja, na bibi akabaki, akavua ngozi, akavaa gauni lake, akaenda kisimani kuchota maji ya kumwosha mwanawe.

"Umenipiga, mama," baba alisema alipoweza kusema.

"Nimempiga aliyekuwa ndani ya koti," bibi akamjibu, akikamua kitambaa. "Kama naye ni wewe, shauri lako."

Msimamizi alipopata habari alisema mambo ya nyumbani kwetu hayamhusu, na akampa baba koti lingine. Baba alilipokea. Tulikuwa tunakula, mtu hawezi kuacha kazi kwa sababu ya aibu. Ila waokotaji walituambia kwamba alikuwa anapita katikati yao kama kipofu.

Mavuno yale yalikuwa mazuri mno, na uzuri wake ndio uliotuponza. Wakubwa walisema ngano imekubali, basi shamba lipanuliwe. Kabla ya msimu mpya wa kulima, walinzi walitumwa kulichoma boma la jirani ili matrekta yapite. Walikwenda mchana kweupe na makopo ya mafuta ya taa. Baba alikwenda nao. Mimi nilikuwa juu ya paa la tembe letu, nikaona yote.

Pale mlangoni pa boma baba alivua koti. Alilikunja, akaliweka chini taratibu, rungu akaliweka juu yake, halafu akasimama kati ya wenzake na miiba ya boma. Sikusikia alichosema. Walimpiga kwa muda mrefu kuliko walivyompiga wale wanawake. Jicho lake la kulia liliharibika siku ile, na mkono wake haukunyooka tena mpaka alipozikwa. Na boma liliungua vilevile. Moshi ulikuwa mweusi, ndama walilia, na jirani alitoka na kile alichoweza kubeba.

Alipita mbele yetu akielekea magharibi na mume wake na ng'ombe waliobaki. Baba alikuwa amelazwa uwanjani kwetu, damu imemjaa kinywani. Jirani alisimama. Alimtazama kwa muda, mikono yake yenye bangili imening'inia. Bibi alimwita kwa jina la utoto wake. Hakumjibu bibi, hakumsemesha baba, hakumsamehe wala kumlaani. Akawafuata ng'ombe. Hatukupata habari zake tena, ingawa bibi alikuwa akiuliza kila mfugaji aliyepita.

Lile shamba la serikali nalo limekufa. Kombaini zilioza uwanjani kambini mpaka kuku wakatagia ndani yake, na ardhi ikagawanywa, wengine wakapata, wengine wakakosa. Siku ile ya msiba wa shangazi nilitembea mpaka mahali palipokuwa na boma. Ni ngano tu, ya mtu nisiyemjua, imesinyaa kama alivyosema yule kijana. Bibi hayupo, mama hayupo. Watoto wa pale wanaongea Kiswahili, na wanawake waliokuwa wakiweza kumtetemesha mwanaume kwa wimbo wamebaki wachache, wazee, wengine wanauza vitunguu sokoni.

Ile lugha niliyofundishwa kwa kumiminiwa maziwa imenitoka. Nilisimama pale kwenye ngano nikajaribu kuikumbuka, nikatikisa kichwa kama mtu anayetikisa kibuyu kitupu. Nakumbuka namna ya kumwita ndama, na namna ya kumtuliza ng'ombe anayepiga teke. Namna ya kumwambia mama wa watu pole, siikumbuki.