Anayekimbia Kinyumenyume

Nyie mnaotukana mchezo wa kompyuta hata dakika tano hamjacheza, mnaudhi. Hamjamwona mjaribu michezo wa studio moja hapa Montreal, yule dada wa kofia ya sufu, anayecheza vibaya makusudi. Anamgongesha mdukuzi, shujaa wa mchezo, kwenye kuta, anadukua taa za barabarani huku anaruka. Anatafuna mkate wa begeli uliopoa, na akinusa kosa tu, anapiga mluzi.

Thibault, aliyelitengeneza daraja la mji wa kesho wa mle mchezoni, aliuogopa mluzi huo kuliko bosi. Mara mbili mdukuzi alishapenya sakafu ya daraja kama hewa na kutumbukia mtoni akikimbia droni za polisi. Bosi kasema akitumbukia tena, mchezo hautoki na timu inavunjwa.

“Dada, nani anawakimbia polisi kinyumenyume?” Thibault akauliza.

“Binamu yako. Nyamaza.”

Dada akadukua kamera, akamrudisha mdukuzi kinyumenyume mpaka katikati ya daraja. Midomo ya dada ikajikunja kama ya kupiga mluzi. Thibault akafumba macho.

Kumbe anapuliza kahawa.

“Fumbua, we mwoga. Mdukuzi kasimama.”

Thibault akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Sasa wewe, ukiucheza na ukifika pale darajani, tafadhali usipite mbio. Geuka, urudi kinyumenyume kidogo.