Namba ya Shemeji Ilikuwa Chini ya Rangi Yangu

Msinihurumie. Kosa nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, na mtu niliyemponza hakuwa adui. Alikuwa mume wa dada yangu!

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, Kalemie ikiitwa bado Albertville. Nilikuwa mpaka rangi kwenye ateliye, karakana ya treni, kazi yangu kupulizia mabehewa rangi ya kijivu kwa pompe. Mkono wangu ulisifiwa, na sifa zilinivimbisha kichwa.

Rangi ikibaki, niliileta nyumbani ndani ya chupa, chini ya koti. Pompe nayo niliichukua bila kumwomba mtu. Niseme tu wazi: niliiba. Nikawa napulizia bunduki za wawindaji wa mtaa, maana hewa ya ziwa haina huruma na chuma.

Siku moja shemeji alikuja na yake, pupu ya zamani ya kushindilia baruti mdomoni.

"Shemeji, kutu inamaliza bunduki yangu. Unipakie na hii."

"Hii utawaachia wajukuu," nilimjibu, nikicheka.

Nilipulizia mara moja, ikatosha. Nikaongeza mara ya pili, na ya tatu, kwa mbwembwe tu. Namba ya serikali iliyogongwa kwenye chuma ikajaa rangi, ikapotea. Niliiona ikipotea! Nikasema moyoni, nani ataitafuta?

Halafu vita vikaingia mjini. Waasi walikuja, wakaondoka, askari wakarudi na hasira zao. Watu walianza kuchukuliwa nyumbani mchana kweupe, majirani wakifunga madirisha. Likatoka tangazo: kila mwenye bunduki ailete biro, ofisini kwa askari, pamoja na karatasi yake ya ruhusa. Bunduki isiyo na namba ni ya waasi.

Niliposikia hivyo niliikumbuka bunduki ya shemeji. Kitambaa chenye petroli kingetosha kuifunua ile namba, na petroli nilikuwa nayo. Lakini kuifuta pale kibarazani, watu wanione na rangi ya ateliye mikononi? Nikajidanganya kwamba hawataangalia sana. Nikamsindikiza shemeji mikono mitupu.

Askari aliigeuza bunduki huku na huku, akaitazama karatasi, akaigeuza tena.

"Nimero iko wapi?"

"Iko chini ya rangi, Komanda. Mukwangue kidogo, mutaiona."

"Nani alipaka? Hii njo rangi ya mabehewa."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya shemeji, hatua tatu tu. Kucha zangu zilikuwa na kijivu kile kile. Nikaingiza mikono mfukoni.

Shemeji hakugeuka hata kidogo. Alijua rangi ni ya wizi, na siku zile aliyeiba mali ya treni aliitwa msaidizi wa waasi.

"Njo miye mwenyewe nilipaka," akasema.

"Muntu anaficha nimero ya bunduki yake juu ya sababu gani?"

Jibu lilikuwa kwangu, jamani, na mimi nilinyamaza! Nilimwona askari akiiweka bunduki pembeni bila kuikwangua. Nilingoja mtu mwingine aseme. Nani mwingine alijua?

Wakamsukuma kwenye kamyo, lori lao, pamoja na wengine. Hapo ndipo aliponitazama.

"Umuambie mama ya watoto nitachelewa."

Hakurudi. Hatukupewa hata mwili tuuzike.

Nilimpelekea dada salamu zile kama zilivyo. Rangi sikuitaja. Nilijiambia nitamweleza matanga yakiisha, kisha mtoto wake mdogo akipona, kisha vita vikitulia. Majuto ni mjukuu, walisema, na mimi nimezeeka naye.

Mpaka leo dada hajui. Kila Jumapili ananipakulia kwanza, kabla ya watoto wake mwenyewe.

"Kaka, kula," ananiambia. "Mungu alichukua bwana yangu, lakini aliniachia weye."

Nami nakula! Ole wangu, nakula na kushukuru.

Wewe unayesoma, kama unalo neno la kumwokoa mtu, litoe pale pale, hata likikufunga. Usiseme utangoja hatari ipite. Kwangu ilipita zamani. Hakuna askari anayenitafuta, hakuna anayeuliza habari za rangi, na bado kila Jumapili naondoka kwa dada bila kumwambia.