Turubai Juu ya Duka la Zamani

Walisema sitamaliza hata mwezi. Walisema mtu aliyekaa ng'ambo akipakua samaki wa barafu hawezi kufufua duka lililowashinda wenyewe. Vijana wa bodaboda walianza kuniita Diploma kabla sijawaonyesha cheti, na nilipowaonyesha wakazidi.

Basi ninayo, ya ujenzi, na sioni aibu kuitaja. Ndiyo niliyomtajia mama mwenye duka, mjane ambaye marehemu mumewe alilinunua kwa Mhindi aliyelijenga. Ni lile la mawe ya kuchonga kwenye barabara kuu, lenye varanda ya nguzo za mbao, lililobanwa na maghorofa mawili ya vioo kama mzee aliyekalishwa kati ya wajukuu wenye simu. Wazee ambao bado wanauita mji huu wa Eldoret kwa jina lake la zamani, Sisibo, walinunua blanketi zao za kwanza hapo.

Mama alikuwa amepata mnunuzi aliyetaka kulibomoa. Nilipomwomba anipangishe ili nilikarabati, aliniwekea sharti moja.

"Mahindi yakianza kuvunwa kabla hujaezeka paa, nauza. Na usiniletee Kizungu."

Nikaezua paa lote mwezi wa Julai. Kule ng'ambo nilikotoka, Julai ndio mwezi wa kujenga, jua haliishi. Hapa Eldoret, Julai mvua huja kila alasiri kama mtu wa kuajiriwa. Nimezaliwa hapa, lakini ukikaa mbali sana hata kalenda huhama nawe. Na mawe yale yalishikanishwa kwa udongo. Yakinyeshewa siku chache bila paa, ukuta ungeshuka wenyewe, na mnunuzi angeokoa gharama ya kubomoa.

Fundi wangu, mzee aliyetoka Bungoma, alisimama kwenye ngazi akatazama wingu.

"Diploma, hiyo cheti yako ina ukubwa gani? Inaweza kufunika hata chumba kimoja?"

Nilicheka, kisha nikakimbia. Muuza mbao wa Cheptiret aliniazima nguzo. Mama wa chai wa jirani akaniazima mapipa ya kukinga maji. Na mzee mmoja wa mji wa Moi's Bridge, mfanyabiashara wa nafaka, akanipa turubai lake la kufunikia mahindi.

"Siku ya kwanza ya mavuno nalitaka," alisema, "hata kama umelala chini yake."

Tukafanya kazi chini ya turubai hilo la buluu, mji mzima ukituchungulia.

"Diploma! Mnauza nini humo? Mvua kwa rejareja?"

Kila mpita njia alinishauri nipige plasta ya saruji. Nilikataa. Saruji ingefungia unyevu ndani na udongo ungeoza polepole; hilo nililisomea, na sikuchoka kuwaeleza, hata wale ambao hawakuuliza. Tulijaza nyufa kwa udongo na chokaa, tukabadilisha mbao zilizooza, tukaezeka.

Bati la mwisho lilipigiliwa mahindi yakiwa yamekauka shambani, bado hayajaguswa. Mama mwenye duka alikuja, akatazama juu, akagonga nguzo ya varanda kwa fimbo yake.

"Mnunuzi nimemwambia atafute kwingine," alisema. "Wewe tafuta kodi."

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nikakodi pikapu, nikazunguka siku nzima. Mapipa yalirudi yamejaa kuni, nguzo zikarudi na debe la maharagwe juu yake. Moi's Bridge nilifika mwisho. Mzee alilikunjua turubai uani, akakuta blanketi na sukari ndani.

"Hii ni ya nini?"

"Asante, Mzee."

Mzee alikuwa ameinama, akikagua pembe moja baada ya nyingine.

"Nilikupa lenye tundu. Tundu langu liko wapi?"

"Nimeliziba, Mzee."

Akamwita mkewe atoke jikoni. "Njoo uone mtu wa diploma. Anaazima kibovu, anarudisha kizima. Huyu tumwazime na ile trela."