Mama Pindo na Mkanda wa Pajani

Hebu mwone akiingia sebuleni: tepu ya kupimia yaning'inia shingoni, pini zimechomekwa kifuani, mkono mmoja umeegemea ukuta. Tangu ateleze bafuni, ukuta ndio shoga yake. Huyo ndiye Mama Pindo, fundi cherehani, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu nguo haijawahi kutoka mikononi mwake na pindo legelege.

Binti yake alimwekea sharti. "Mama, mwezi ukiisha unainuka kitini bila kushika kitu, baki hapa na cherehani yako. Ukishindwa, unahamia kwangu ghorofani."

Na cherehani ile ya miguu, ngazi za ghorofani isingepanda.

Basi kliniki ikampa mkanda wa kufunga pajani, wenye mfuko na kidude ndani. Ukikaa kinajua, ukisimama kinajua, kisha kinapeleka habari kwenye simu ya mtaalamu wa mazoezi na ya binti. Mama Pindo akawa haishi kuinuka na kukaa, akijisemesha: "Twende, kizee! Miguu hii si ya mapambo!"

Sasa sikia kilichomtoa kanga manyoya. Mwezi ukielekea ukingoni, mlango uligongwa. Binti, na begi tupu mkononi.

"Mama, fungasha. Simu inasema usiku kucha umesimama! Halafu saa za kutembea umekaa tu. Unazunguka nini gizani?"

"Nizunguke nini, mimi popo? Usiku nakoroma, muulize jirani."

"Kifaa hakidanganyi, mama."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi? Mpigie huyo mtaalamu wenu!"

Sura ya kijana ikatokea kwenye simu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisafishie jina."

Alipoonyeshwa mkanda, kijana akakodoa macho. "Mama, mbona mfuko una mshono mpya?"

"Ule wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Nikaufumua, nikakilaza kidude vizuri, kikapendeza."

Kijana akashika kichwa, kicheko kikamtoka. "Mama yangu! Kile hushonwa wima! Umekilaza, ndiyo maana ukilala kinaona umesimama, na ukisimama kinaona umekaa!"

Binti akacheka mpaka akajishika mbavu. Ila sharti ni sharti. "Haya, inuka nione."

Mama Pindo akaketi, akakunja mikono kifuani.

"Inama mbele, mama," kijana akahimiza. "Sukuma sakafu!"

Tepu ikayumba shingoni. Akainuka kidogo, akasita hapo katikati, binti akanyoosha mkono kumdaka.

"Usiniguse!"

Akapanda, akapanda, huyo wima! Binti akapiga kigelegele, kijana akashangilia hadi simu ikakwaruza, na Mama Pindo akavuka sebule mpaka kwenye cherehani yake, ukuta hata hakuutazama.

Kisha akageuka. "Zamu yako, bibie."

Binti akaketi kwa madaha, akakunja mikono, akajisukuma... puu! Karudi palepale. Akajaribu tena, mkono ukamponyoka, ukakamata kiti.

"Liache begi hapo," mama akasema, akivuta kiti cha pili. "Wewe ndiye utakayehamia kwangu."

Na wewe mpenzi msomaji, hapo ulipokaa: ukikunja mikono kifuani sasa hivi, utainuka?